Mtandao wa Simu Ulio Wazi: Faida, Kasoro na Maswali ya Kuuliza Mnara Unapopangwa Kijijini

Kijiji kisichofikiwa na mtandao wa simu hupata hasara kila siku. Mkulima hupanda kilima ili aulize bei ya soko. Mama mjamzito hukosa njia ya kuita ambulensi usiku. Pesa zilizotumwa na jamaa aliye mjini hukaa siku mbili bila kutolewa kwa sababu simu ya wakala haipati mawimbi. Ndiyo maana wakaazi hutaja mnara wa simu pamoja na barabara na maji wanapoulizwa mahitaji yao.

Katika miaka ya hivi karibuni, teknolojia moja imekuwa ikitajwa kama dawa ya tatizo hili. Kimataifa inaitwa Open RAN, yaani mtandao wa redio ulio wazi. Wanaoiunga mkono wanasema itapunguza gharama ya kuwafikishia huduma wakaazi wa mashinani. Wanaoitilia shaka wanasema inaongeza kazi na lawama bila kupunguza gharama kwa kiasi kinachodaiwa.

Makala haya yanaeleza teknolojia hiyo ni nini, imefanya nini mahali ilikojaribiwa, na mwananchi anafaa kuuliza nini iwapo atasikia ikitajwa katika kikao cha ushirikishaji wa umma. Jambo moja lifaa kukumbukwa tangu mwanzo: mtandao wazi unaweza kupunguza bei ya mitambo na kumpa mnunuzi uhuru wa kuchagua, lakini hauleti stima, hauchongi barabara, wala haulindi betri zisiibwe.

SAFARI YA SIMU KUTOKA MKONONI HADI MTANDAONI

Mtu anapopiga simu au kutuma ujumbe, simu yake hutoa mawimbi ya redio ambayo hunaswa na antena iliyo juu ya mnara. Karibu na antena kuna kifaa cha redio kinachopokea na kutuma mawimbi hayo. Kifaa hicho huunganishwa na kompyuta ambayo mara nyingi huwa chini ya mnara, ndani ya kabati au kibanda. Kompyuta hiyo ndiyo huamua ni simu gani ihudumiwe kwanza na kwa kasi gani, kisha hugeuza mawimbi kuwa data.

Kutoka hapo data husafirishwa kwa faiba, kwa maikrowevu kutoka mnara mmoja hadi mwingine, au kwa setilaiti, mpaka ifike kwenye kitovu cha kampuni. Kitovu hicho hutambua laini ya mteja, huhesabu salio lake na kumuunganisha na anayempigia.

Sehemu ya kwanza ya safari hiyo, yaani antena, kifaa cha redio na kompyuta ya mnara, ndiyo huitwa mtandao wa redio. Huwa na vifaa vingi kuliko sehemu nyingine kwa sababu kila mnara unahitaji seti yake. Pia hutumia sehemu kubwa ya stima yote inayotumiwa na kampuni ya simu. Mjadala wa mtandao wazi unahusu sehemu hiyo peke yake.

KUFUNGWA NA KUFUNGULIWA KUNA MAANA GANI

Kwa miaka mingi, kampuni ya simu inayojenga mnara imenunua kifaa cha redio, kompyuta na programu kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Wakubwa katika biashara hiyo duniani ni Huawei ya Uchina, Ericsson ya Uswidi na Nokia ya Ufini. Redio ya mmoja kwa kawaida haizungumzi na kompyuta ya mwingine. Ukianza na mmoja, utanunua kwake vipuri, programu mpya na hata minara ya kuongeza.

Wanaokumbuka simu za zamani wataelewa. Kila aina ilikuwa na chaja yake, na chaja ya simu moja haikuingia kwenye nyingine. Siku hizi chaja moja huhudumia simu za aina nyingi kwa sababu watengenezaji walikubaliana kuhusu umbo la pini. Mtandao wazi unajaribu kufanya vivyo hivyo kwa vifaa vya mnara. Watengenezaji wanakubaliana jinsi vifaa vitakavyounganishwa na kuwasiliana, ili redio ya kampuni moja ifanye kazi na kompyuta ya kampuni ya pili na programu ya kampuni ya tatu.

Kanuni hizo huandaliwa hasa na muungano wa O-RAN Alliance, ulioundwa mwaka 2018 na kampuni tano za simu: AT&T ya Marekani, China Mobile, Deutsche Telekom ya Ujerumani, NTT DOCOMO ya Japani na Orange ya Ufaransa. Walioanzisha muungano huo walikuwa wanunuzi wa mitambo, si wauzaji. Walitaka wauzaji washindane.

Neno "wazi" huwapotosha wengi, kwa hivyo yafaa kuondoa dhana tatu. Kwanza, mtandao wazi si intaneti ya bure. Mteja bado atanunua bando. Pili, haimaanishi kwamba mazungumzo ya watu yako wazi kwa yeyote kusikiliza. Kilicho wazi ni kanuni za kuunganisha vifaa. Tatu, si sawa na kampuni mbili kutumia mnara mmoja. Kukodisha nafasi kwenye mnara ni jambo ambalo tayari linafanyika nchini, na zipo kampuni kama American Tower na Atlas Tower ambazo biashara yake ni kumiliki minara na kuwakodisha watoa huduma. Mnara unaweza kutumiwa na kampuni mbili huku mitambo ya kila moja ikiwa imefungwa kabisa.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni uhuru wa kuchagua. Uingereza ilijifunza umuhimu wake kwa njia ngumu. Julai 2020, serikali ya nchi hiyo iliagiza mitambo yote ya Huawei iondolewe katika mitandao ya 5G kufikia mwisho wa 2027, ikitaja sababu za usalama. Palipo na mitambo iliyofungwa, kumwondoa muuzaji mmoja humaanisha kung'oa redio, kompyuta na programu pamoja. Kampuni ya Vodafone ilichagua kujaribu njia nyingine. Januari 2022 iliwasha mnara wake wa kwanza wa mtandao wazi mjini Bath, ukiwa na vifaa na programu za kampuni kadhaa tofauti, na ikatangaza mpango wa minara takriban 2,500 katika Wales na kusini magharibi mwa Uingereza. Kundi hilo la Vodafone lina hisa katika Safaricom kupitia Vodacom, kwa hivyo linayojifunza huko yanaweza kufika huku.

Faida ya pili ni uwezekano wa kupunguza gharama mashinani. Mfano unaotajwa sana ni Peru, nchi yenye vijiji vilivyotawanyika katika milima ya Andes na msitu wa Amazon. Mwaka 2019, kampuni ya Telefónica, Facebook na benki mbili za maendeleo zilianzisha Internet para Todos, kampuni ya kupeleka huduma vijijini ambako kampuni za kawaida hazikuona faida. Ilitumia mitambo ya mtandao wazi katika baadhi ya maeneo. Lakini haikutegemea teknolojia hiyo pekee. Iliruhusu pia kampuni nyingine za simu kukodi mtandao wake badala ya kila moja kujenga wake. Barani Afrika, kampuni ya MTN, ambayo inahudumu Uganda na Rwanda miongoni mwa nchi nyingine, ilitangaza mwaka 2021 kushirikiana na kampuni kadhaa ili kuweka mitambo ya aina hii.

Faida ya tatu ni wepesi wa kubadilisha. Katika mtandao wazi, kazi nyingi hufanywa na programu inayoendeshwa kwenye kompyuta zinazopatikana kwa wauzaji wengi. Mabadiliko yanaweza kutumwa kutoka mbali bila fundi kusafiri siku nzima na kupanda mnara. Kwa eneo ambalo barabara hukatika msimu wa mvua, jambo hilo lina uzito.

Faida ya nne ni nafasi ya kazi. Mfumo uliofungwa huhudumiwa na mafundi waliofunzwa na mtengenezaji wake. Mfumo ulio na kanuni zilizochapishwa unaweza kufundishwa katika vyuo vya kiufundi, na kampuni ndogo ya humu nchini inaweza kuandika programu yake. Hata hivyo nafasi hiyo haiji yenyewe. Inahitaji vyuo vyenye vifaa na walimu.

KASORO ZAKE

Kasoro kubwa zaidi ni swali la nani anawajibika. Fikiria matatu. Chesisi hutoka kwa kampuni moja, bodi huundwa na mafundi wa gereji nyingine, na taa na muziki huwekwa na mtu wa tatu. Mwenye gari hupata anachotaka kwa bei anayoimudu. Lakini taa zikizima barabarani usiku, fundi wa bodi husema kosa ni la waya za chesisi, naye wa chesisi husema waya zilikatwa wakati wa kujenga bodi. Abiria hangoji kujua nani mkosaji. Anataka kufika nyumbani.

Mnara wenye vifaa vya kampuni tatu au nne unaweza kuleta ubishi wa aina hiyo. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa sababu hiyo, kampuni ya simu inayochagua mtandao wazi hulazimika kuajiri wataalamu wake au kulipa kampuni ya kuviunganisha vifaa, kuvijaribu kabla ya kuviweka na kubeba lawama vinapokataa. Gharama hiyo hupunguza akiba iliyotarajiwa. Kampuni kubwa inaweza kuimudu kwa sababu inagawanywa kwa maelfu ya minara. Kwa kampuni yenye minara michache, huenda ikawa nzito kuliko punguzo lenyewe.

Kasoro ya pili ni stima. Kompyuta ya mnara iliyofungwa mara nyingi huwa na chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi nyingi, na kwa hivyo inaweza kula umeme zaidi kwa kazi ileile. Watengenezaji wanaendelea kupunguza tofauti hiyo, lakini mahali pasipo na gridi kila wati huhesabiwa. Mnara hauzimwi usiku. Kifaa kinachotumia wati 100 zaidi hula yuniti 2.4 zaidi kila siku. Katika eneo linalopata saa tano za jua kali kwa siku, hizo ni paneli za sola za takriban wati 500 za ziada, pamoja na betri za kuhifadhi umeme wa usiku.

Kasoro ya tatu inawahusu wenye simu za kabambe. Simu hizo hutumia mtandao wa 2G, na huduma kama M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hufanya kazi kwenye simu hizo bila intaneti. Sehemu kubwa ya kanuni za mtandao wazi imeandikwa kwa ajili ya 4G na 5G. Ipo mitambo ya mtandao wazi inayohudumia 2G, lakini si yote. Mnara unaotoa 4G pekee unaweza kuzinduliwa kwa shangwe, kisha mzee mwenye kabambe akaendelea kupanda kilima kama zamani.

Kasoro ya nne ni usalama wa mtandao. Kadiri vifaa vya kampuni mbalimbali vinavyounganishwa, ndivyo milango ya kulindwa inavyoongezeka. Ripoti ya nchi za Umoja wa Ulaya iliyotolewa Mei 2022 ilionya kwamba mtandao wazi unaweza kuongeza hatari za mashambulizi ya kimtandao, hasa katika kipindi cha mwanzo. Ripoti hiyohiyo ilikubali kwamba wataalamu huweza kukagua kwa urahisi zaidi mfumo ambao kanuni zake zinajulikana, na kwamba kutotegemea muuzaji mmoja ni kinga pia.

Kasoro ya tano ni kwamba ushindani uliotarajiwa haukuja haraka. Desemba 2023, AT&T, mmoja wa waanzilishi wa muungano, ilitangaza mkataba wa miaka mitano unaoweza kufikia takriban dola bilioni 14 ili kuujenga upya mtandao wake kwa mitambo inayofuata kanuni za wazi. Muuzaji mkuu aliyepewa kazi hiyo ni Ericsson, mmoja wa wakubwa walewale watatu. Wachambuzi waliuliza kama mlango uliofunguliwa una maana iwapo anayeingia ni yuleyule. Kampuni ndogo zilizotarajiwa kuleta ushindani nazo zimepitia misukosuko ya kifedha, na muuzaji akifunga duka, minara yake hubaki bila vipuri wala programu mpya.

GHARAMA AMBAZO MTANDAO WAZI HAUGUSI

Japani inatoa funzo linalofaa kuzingatiwa. Aprili 2020, kampuni ya Rakuten Mobile ilianza huduma za kibiashara ikiwa na mtandao uliojengwa tangu msingi kwa vifaa na programu za kampuni mbalimbali. Kiufundi ilifaulu, na kampuni nyingi zilienda kujifunza kwake. Kibiashara ilipata hasara kubwa kwa miaka kadhaa, kwa sehemu kwa sababu ilihitaji minara mingi kwa haraka ili ishindane na wenzake. Bei nafuu ya kompyuta haikufuta gharama ya kujenga minara.

Hali ni hiyohiyo katika kaunti zenye maeneo makubwa na watu wachache. Chuma cha mnara, saruji, ua, ardhi, barabara ya kufikia mahali hapo, sola au jenereta, mlinzi, na kiungo cha faiba, maikrowevu au setilaiti vyote hulipiwa hata kama mitambo ni wazi au imefungwa. Wizi wa betri na dizeli ni tatizo linalojulikana. Katika baadhi ya maeneo ya Mandera, Wajir na Garissa, minara imewahi kushambuliwa na wakaazi wakabaki bila mawasiliano. Hakuna kanuni ya kiufundi inayoweza kutatua hayo.

Kenya pia ina kumbukumbu yake kuhusu matumaini ya teknolojia mpya. Julai 2020, Telkom Kenya na kampuni ya Loon, iliyomilikiwa na Alphabet ya Marekani, zilianza kutoa huduma ya 4G kwa puto zilizoelea juu angani, zikilenga eneo la takriban kilomita 50,000 za mraba katika sehemu za magharibi na za kati mwa nchi. Januari 2021, Alphabet ilitangaza kuifunga Loon kwa sababu za kibiashara. Puto hazikuwa mtandao wazi, lakini funzo linahusu teknolojia yoyote: huduma hudumu iwapo kuna mtu wa kuilipia na kuitunza baada ya sherehe ya uzinduzi.

NANI HUFANYA NINI

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, mawasiliano ya simu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Leseni na masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mamlaka hiyo pia husimamia Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo watoa huduma wenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Hazina hiyo iliundwa kugharimia maeneo ambayo biashara pekee haiwezi kuyafikia. Awamu yake ya kwanza ya huduma za simu ililenga kata ndogo 78.

Serikali ya kaunti haichagui mitambo ya kampuni ya simu. Kazi yake ni mipango ya matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi na barabara za kaunti. Kibali kinachocheleweshwa au ada isiyoeleweka inaweza kuongeza gharama ya mnara kuliko akiba yoyote ya mtandao wazi, na wakaazi wana haki ya kuuliza maombi ya mnara wao yamefika wapi. Mamlaka ya mazingira, NEMA, hukagua athari kwa mazingira, na mamlaka ya usafiri wa ndege huidhinisha urefu wa mnara.

MASWALI SITA YA KUULIZA KATIKA KIKAO

Mradi wa mnara unapoletwa mbele ya wakaazi, maswali haya yatawasaidia kupima ahadi:

1. Mnara huu utahudumia 2G, 4G au zote mbili? Wenye kabambe watapata huduma?

2. Utatumia stima ya gridi, sola au jenereta, na utakaa saa ngapi ukifanya kazi bila jua au bila dizeli?

3. Mtandao ukipotea, ni kampuni gani moja itakayowajibika, na ni muda gani umewekwa wa kurekebisha?

4. Data itasafirishwa kwa faiba, maikrowevu au setilaiti? Kiungo hicho kikikatika, kuna njia nyingine?

5. Je, kampuni nyingine za simu zitaruhusiwa kutumia mnara huu, ili wakaazi wawe na uhuru wa kuchagua laini?

6. Nani atalipia matengenezo baada ya ufadhili wa kwanza kuisha?

Mwananchi hahitaji shahada ya uhandisi ili aulize hayo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo. Majibu yakitolewa, yafaa yaandikwe katika kumbukumbu za kikao ili yaweze kurejelewa baadaye.

KWA MUHTASARI

Mtandao wazi ni hatua ya maana. Unawapa wanunuzi wa mitambo nguvu ambayo hawakuwa nayo, na ushindani ukikomaa, bei inaweza kushuka. Lakini unahitaji wataalamu wa kuviunganisha vifaa, unaweza kula umeme zaidi, na si kila mtambo wake unahudumia simu za kabambe. Gharama kubwa za mnara wa mashinani zimo katika umeme, njia, ulinzi na kiungo cha data.

Kwa hivyo kampuni ikisema mnara wake ni wa kisasa, wakaazi wasiishie hapo. Waulize nani ataitikia mtandao ukipotea usiku wa mvua. Wenye maswali kuhusu vibali vya minara katika eneo lao wanaweza kuyafikisha kwa msimamizi wa wadi. Malalamiko kuhusu ubora wa huduma huanza kwa kampuni ya simu yenyewe, na yasiposhughulikiwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano.